Mgeni wa Bi Zuwena

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa. Hata sasa nazungukazunguka chumba hiki kama kuku anayetafuta pa kutagia, na wewe umenivutia kiti ukidhani nimechoka. Kaa wewe. Nimeambiwa wiki ya tatu sasa huendi kushona kwa fundi wako, na usiku hulali, kwa sababu yuko mhubiri aliyewaambia kwamba mwisho umefika na Bwana yu njiani. Sikukuita nikucheke. Namngoja Bwana huyo huyo tangu mama yako hajazaliwa. Nimekuita kwa kuwa nami niliwahi kukesha hivyo, na kukesha kwangu kuliharibu nyumba ya watu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa Mlandege na mama yangu. Mama aliletwa kisiwani akiwa mdogo, mateka wa utumwa, akalelewa na watu wa misheni na kubatizwa huko. Kazi yangu ilikuwa kupiga sakafu. Najua neno hilo kwenu limeshakufa. Siku zile si kila nyumba ya mawe mjini ilikuwa na bati juu. Paa lilikuwa bapa, nalo ndilo tuliloliita sakafu: chini boriti za mikandaa, yaani miti ya mikoko, juu yake mawe, na juu ya mawe mchanganyiko wa chokaa, kokoto na udongo mwekundu. Mchanganyiko huo ulipigwa na wanawake kwa vipande, yaani vigongo vifupi vyenye uso bapa, siku baada ya siku, mpaka ukashikana ukawa jiwe moja. Tulikaa kwa safu, tukapiga pamoja, na ili mikono isipishane lazima mmoja aanzishe wimbo na wengine waitikie. Mwenye kuanzisha nilikuwa mimi. Nilikuwa na sauti, mwanangu, na nilijua kwamba ninayo.

Fundi wetu alikuwa Fundi Mbaruku, mtu wa Makunduchi, mfupi, mkali wa mdomo na mwepesi wa kusamehe. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea: sakafu ikishaanza kupigwa isikauke. Jua la kaskazi likiipata kavu kabla haijashikana, hupasuka, na sakafu iliyopasuka ni chekeche. Kwa hiyo tuliimwagia maji tangu asubuhi hadi jua linazama, na tukaifunika magunia yaliyolowa.

Ijumaa hatukupiga. Fundi na wenzangu wote walikuwa Waislamu, wakenda zao kuoga, kuvaa na kuswali. Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kwenda kanisani, nao wakapiga bila mimi, wakilalamika kuwa wimbo umepooza. Lakini sakafu haijui Ijumaa wala Jumapili. Ndipo ikawa desturi yetu, bila mtu kuiandika popote, kwamba Ijumaa mimi peke yangu ndiye wa kuimwagia maji. Fundi aliniachia ngazi, ndoo na kata, akaenda msikitini na moyo wake umetulia. Nilijivunia jambo hilo. Aliniamini mimi, Mkristo wa Mlandege, kazi yake yote ya wiki.

Mwaka huo tulikuwa tunaipiga sakafu ya Bi Zuwena, mjane wa ukoo wa Kiarabu, mtaa wa Malindi. Bati hakulitaka, alisema mvua ikinyesha litampigia kelele kama mke mwenza. Alikuwa na haraka. Binti yake Salma alikuwa na mimba ya kwanza, naye kama ilivyo ada alirudi kwa mama yake kujifungua. Chumba tulichokuwa tunakipigia sakafu juu yake ndicho ambacho Salma angekaa arobaini yake. Kila asubuhi Bi Zuwena alipanda ngazi hadi katikati, kwa kuwa magoti hayakumruhusu kufika juu, akaita, "Jamani, masika haina mwenyewe! Mwanangu yuko mwezi wake!"

Sasa sikiliza. Kaskazi hiyo, jua likishazama, ilionekana nyota yenye mkia upande wa magharibi, juu ya bahari. Mji mzima ulitoka kuitazama. Wengine walisema vita, wengine njaa, na akina mama wakawaingiza watoto ndani. Kwetu Mlandege alikuwapo kijana kutoka bara, aliyekuwa akifundisha watoto kusoma, tukimwita Mwalimu Yohana. Hakuwa padre, na padre hakumtuma kusema aliyoyasema. Lakini alikuwa na macho ambayo ukiyatazama unaona aibu kwa kila ulichokuwa ukikifikiri jana. Alitukusanya uani kwake, vijana kama kumi, akasema dalili imeshatoka mbinguni. Bwana atarudi kabla mvua za masika hazijaanguka, na sisi tumeamriwa neno moja tu: kesheni.

Neno hilo, mwanangu, watu wa kisiwa hiki tunalijua. Tunakesha harusini, tunakesha matangani, tunakesha ngomani. Kukesha ni kutolala mpaka jogoo awike. Hapana mmoja wetu aliyeuliza kama neno lile lina kina kingine. Tulilichukua kama tunavyolichukua siku ya harusi, tukafunga vibwebwe, tukaanza kukesha. Kila siku baada ya isha tulikutana uani, tukaimba, tukasali, tukatazama juu hadi alfajiri.

Nikuambie kweli, ilikuwa tamu. Moyo wangu ulikuwa haupumui kwa kungoja. Paka akiruka ukutani, roho inanitoka: ndiye! Mbwa akibweka Darajani, ndiye! Mchana nilitembea na usiku ule ule kifuani, sisikii ninaloambiwa, nikiwatazama watu wanaopimiana unga na kushona makuti nikasema moyoni, maskini, hawajui. Ukimtazama mtu kwa jicho hilo, mwanangu, ujue umeshaanza kuharibika. Mimi sikujua.

Mama alijua. Alinitazama asubuhi moja nikinywa uji na kichwa kinaniangukia bakulini.

"Lusia, macho yako hayo mekundu! Bwana akija leo atadhani umelewa."

"Mama, usilifanyie mzaha jambo hili."

"Sifanyi mzaha. Unakwenda kazini?"

"Nnakwenda."

"Basi nenda na akili yako. Mwili umeshautanguliza."

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nami ulimwengu ulikuwa unaningoja juu ya paa la Malindi.

Ilikuwa Ijumaa, na nilikuwa sijalala usiku wa tano mfululizo. Asubuhi nilimwaga maji vizuri, nikalowesha magunia, nikaimba peke yangu ili nisisinzie. Adhuhuri mji ulinyamaza, watu wote wako misikitini. Nikajisemea, nikae kidogo tu katika kivuli cha ukuta wa ngazi, nifumbe macho nisali. Nikafumba. Nilichosikia tena kilikuwa adhana ya alasiri.

Niliinuka kinywa kikavu. Upepo ulikuwa umeyakunja magunia ukayasukuma pembeni, na sakafu ilikuwa nyeupe, kavu kama mfupa. Nikapiga magoti, nikapitisha kiganja. Nyufa. Nyembamba kama nywele, lakini zimekwenda kila upande, kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya kile chumba hasa.

Dawa ilikuwapo, na niliijua. Ningemwita Fundi Mbaruku saa ile ile, tungeichimbua sehemu hiyo, tukaichanganya upya, tukaipiga. Siku nne, tano za kazi. Matusi ya asubuhi moja. Fundi mwenyewe alikuwa na msemo wake kila akianza kazi: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Nilikuwa nimeusikia mpaka nikauchoka.

Sikumwita. Nilikoroga chokaa nyepesi kwenye ndoo, nikapaka juu ya nyufa kwa kitambaa, nikasawazisha kwa kiganja mpaka pakang'aa. Na wakati napaka nilijiambia maneno haya, wala sijayasahau: Bwana anakuja kabla ya masika. Sakafu hii haitaiona mvua. Imani yangu, mwanangu, niliigeuza chokaa ya kufunikia uzembe wangu. Jumamosi wenzangu walirudi, tukaipiga juu kwa juu siku tatu tena, nikaanzisha nyimbo kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Fundi alipita akigongagonga kwa kisigino, akasema, "Lusia, leo umeamka." Nikacheka. Hadi leo kicheko hicho nakisikia, nacho ndicho kinachonitoa kwenye viti.

Tukamaliza. Nyota ikafifia, ikapotea. Sisi tukaendelea kukesha. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa kusini, na kila wingu jeusi kwangu likawa na maana mbili: ama Bwana, ama mvua. Ikiwa Bwana, nimeokoka. Ikiwa mvua, nimekwisha. Hebu fikiri, mwanangu. Nilimwomba Mwokozi aje haraka ili ulimwengu wote uishe, watoto na wazee na vyote vilivyomo, kisa nisije nikaulizwa habari ya ndoo ya maji. Nami nikidhani ile ndiyo sala.

Ikanyesha mvua.

Ilinyesha tangu alfajiri, masika hasa, ile isiyo na ngurumo wala haraka, inayomwagika tu. Mwalimu Yohana alisema tulikosea hesabu ya mvua, masika ya kweli ni ya mwaka mwingine, na baada ya wiki mbili akapanda chombo akarudi bara. Simsemi kwa ubaya. Huenda naye alikuwa na sakafu yake mahali fulani.

Siku ya tatu ya mvua alikuja mtu kutoka Malindi kumwita Fundi, na Fundi akanipitia tukaenda sote. Salma alikuwa amejifungua siku sita nyuma, mtoto wa kiume. Usiku maji yalikuwa yamepita katika dari, kwanza tone tone, kisha mfululizo, na kabla watu hawajaamka kipande cha chokaa kikubwa kama sinia kikaanguka kando ya kitanda. Godoro limelowa, mtoto amelowa. Walipomhamishia chumba cha chini alikuwa ameshapoa mikono, na kufikia asubuhi alikuwa anakohoa kikohozi kidogo kikavu ambacho hakimfai mtu wa siku sita.

Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye ngazi, mtandio umeanguka mabegani. Fundi alimwamkia.

"Mbaruku, marehemu mume wangu alikuita hapa ukiwa kijana. Nikakwita tena. Leo umeniibia chokaa?"

"Wallahi, Bi Zuwena, chokaa ilikuwa tele. Nliipima kwa mkono wangu."

"Basi ni nini? Paa la mwezi mmoja linavuja kuliko la babu yangu! Nitamwambia kila mwenye nyumba mji huu. Mjukuu wangu akifa, Mbaruku, usije hata matangani."

Fundi Mbaruku alikaa chini kwenye kizingiti, akatazama mikono yake. Nilimwona akihesabu moyoni: udongo, kokoto, chokaa, siku. Anatafuta kosa lake na halioni. Na kule ndani mtoto akakohoa.

Nikasema. Sikusema kwa ujasiri, usinisifu. Nilisema kwa kuwa sikuweza kumwona Fundi akitafuta kosa lisilo lake.

"Si Fundi, Bi Zuwena. Ni mie."

Wakanigeukia wote wawili.

"Ijumaa ile nlilala. Sakafu ikakauka, ikapasuka. Nkapaka chokaa juu, nkanyamaza."

"Ulilala? Ulikuwa mgonjwa?"

"La. Nlikuwa nnakesha usiku. Tulikuwa tunamngoja Bwana Isa. Tuliambiwa atakuja kabla ya masika."

Nilidhani atacheka, au atanitukana dini yangu. Bi Zuwena aliupandisha mtandio wake kichwani.

"Isa bin Mariamu? Hata sie twamngoja. Bibi yangu alinambia atashuka, na mimi nnasadiki kuwa atashuka. Lakini bibi yangu alikuwa akifagia ua wake kila siku ya Mungu." Akanyoosha kidole kuelekea chumba cha chini. "Nyie mliambiwa mgeni anakuja kabla ya masika. Haya, mgeni kaja. Si huyo ndani? Miezi tisa twamngoja. Nyumba ya kumpokelea ulipewa wewe uimwagie maji. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wangu kaja, na mwenyeji ndiye aliyemtia maradhi."

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, ya mapadre na ya maaskofu. Sijasikia jingine lililonishika shingo namna ile. Mtoto mchanga kwetu tunamwita mgeni, kila mtu anasema hivyo, fulani kapata mgeni. Nilikuwa nalijua neno tangu utotoni na sikuwa nimelisikia.

Kisha akaniambia, "Usiende kwenu. Kuna winda za mtoto za kufua, na mvua hii hazikauki bila moto."

Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Siku kumi na moja nilikaa nyumba ile, nikifua winda, nikizianika juu ya moto wa mkaa, nikipuliza, nikichemsha maji. Usiku walinilaza, Bi Zuwena mwenyewe akisimama mlangoni mpaka nijinyooshe. "Lala," alisema. "Asubuhi nakutaka mzima." Na mimi, niliyekesha kwa furaha usiku kucha nikimngoja mfalme wa mbinguni, sasa nilikuwa nalazimishwa kulala huku nasikiliza kifua cha mtoto kupitia ukuta. Kikohozi kikinyamaza nikaogopa. Kikianza nikaogopa zaidi. Sijawahi kusali kama nilivyosali pale, na sikuomba ulimwengu uishe. Niliomba uendelee, hata wiki moja tu, hata na mvua yake.

Siku ya tisa mtoto alinyonya mpaka akashiba, akapiga chafya, akalala bila kukohoa. Bi Zuwena akasema Alhamdulillahi, akaanza kulia kwa kelele, naye siku zote hizo hakuwa ametoa chozi.

Usidhani yaliisha vizuri yote. Salma hakunisemesha. Nilimpelekea uji, akapokea, akageuza uso. Baada ya arobaini alirudi kwa mumewe Pemba, na miaka yote aliyokuja kumtazama mama yake, tukikutana njiani, alinipita kama nguzo. Nilimwomba radhi mara tatu. Ya tatu aliniambia, "Lusia, nshakusikia." Basi. Ilikuwa haki yake. Msamaha hautozwi kama kodi, mwanangu. Ukiukosa, utaishi bila huo na utaendelea kufanya mema.

Na Fundi Mbaruku? Mvua zilipokata, tuliichimbua sakafu yote. Alinitukana siku mbili mfululizo kwa Kimakunduchi, nashukuru nusu yake sikuielewa. Ijumaa ya kwanza ilipofika, alisimama na ndoo mkononi. Akanitazama. Akatazama jua. Nikajua anafikiri kubaki mwenyewe aiache swala. Kisha akaiweka ndoo miguuni pangu, akashuka ngazi kwenda msikitini. Siku ile nilimwaga maji mpaka Bi Zuwena akauliza chini kama masika imerudi.

Jioni nilimwambia mama yote, pamoja na lile la kupaka chokaa, ambalo nilikuwa nimemficha. Mama hakujua kusoma. Alichokijua alikisikia kanisani, akakibeba kichwani, akakigeuzageuza akitwanga. Akasema, "Wale wanawali kumi waliomngoja bwana harusi. Walikesha?"

"Watano walikesha, mama. Wenye busara."

"La. Sikiliza vizuri ukienda kanisani. Wote kumi walisinzia. Wote walilala. Wenye busara walikuwa na mafuta, basi."

Nikaenda kumwuliza padre. Akafungua kitabu, akaniambia mama yako kasema kweli, wote walilala.

Basi, mwanangu, hili ndilo nililokuitia, na nitalisema wazi kwa sababu wewe na mimi sote tuna haraka. Bwana atakuja. Usimwache mtu yeyote akuondoe hapo, na usimcheke yeyote anayeona dalili, maana dalili zipo. Lakini mtu akikutajia siku, mwulize nani alimpa. Na kungoja kukikutoa kwenye kazi uliyoaminiwa na mtu, hiyo si imani, ni utoro uliovaa kanzu. Kukesha tulikoamriwa ni kwa moyo: uwe macho usije ukamdhulumu mtu, uwe macho usije ukapaka chokaa juu ya ufa, uwe macho umtambue mgeni akija mdogo na analia. Hayo hufanywa na mtu aliyelala usiku wake. Fundi wako alikupa vitambaa vya watu ukavikata. Kuna bibi arusi huko ambaye gauni lake halina mikono, na siku yake anaijua, haihitaji mhubiri. Rudi leo. Ukatukanwe, utukanike, kisha ukae kwenye cherehani. Na kama kuna ulichokiharibu ukakificha, kiseme kabla ya mvua, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Nami sitakudanganya kwamba ukifanya hivyo utatulia. Mimi sijatulia. Mvua ikianza huinua macho darini, nyumba yoyote ile, hata ya wageni. Nadhani Mungu aliniachia wasiwasi huo makusudi, nami siombi tena auondoe.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu wa baba zetu akutangulie na akufuate. Akutie mikono myepesi na ulimi mzito. Akupe mtu wa kukuamini, na akupe kuaminika. Akulaze usiku, akuamshe mchana. Na Bwana akija, mwanangu, asikukute mlangoni ukichungulia njia. Akukute ndani, ukimshonea mtu gauni lake. Nenda sasa, kabla fundi hajafunga.